BIG VARI WA SAUTI YA TATU

"Mwongo wewe! Mwanangu hajaua mtu! Siku ile alikuwa na mimi!"

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Ozella Tolliver wiki iliyopita, kasimama katikati ya mahakama ya kaunti pale Jackson, kofia yake nyeupe ya kanisani imeenda upande, kidole kamnyooshea mwendesha mashtaka kama anayefukuza kuku sebuleni.

Jaji akagonga nyundo mpaka mkono ukamchoka.

"Mama, keti chini!"

"Siketi! Nimeketi hapa wiki mbili mpaka makalio yameota sugu. Huyu bibi kasema mwanangu hakulelewa, eti kaota tu kama magugu. Nani kaota? Nimemlea mimi, kwa mikono hii!"

"Mama Tolliver, nitakufunga wewe kabla ya mwanao."

"Nifunge. Lakini andika kwanza. Siku Rod Spann anapigwa risasi, Lavarius alikuwa kanisani. Kwenye kwaya. Kanisa zima limemwona, na kamera ya kanisa imemwona!"

Mahakama ikapiga kelele kama uwanja wa mpira. Mshtakiwa mwenyewe, badala ya kufurahi, aliinamisha kichwa mezani akakifunika kwa mikono.

"Mama," alinong'ona. "Mama, uliniapia."

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana, nakukumbusha upesi. Lavarius Tolliver ndiye yule msanii ambaye Kusini nzima ya Marekani, toka Memphis mpaka Houston, inamjua kwa jina la Big Vari. Anashtakiwa kwa kumuua Rod Spann, muuza vidonge, ndani ya gari lake nje ya duka la samaki. Vidonge vya Rod ndivyo vilivyomzika Tamesha, dada yake Vari, binti wa miaka kumi na tisa. Silaha haijapatikana. Aliyeona sura ya muuaji hayupo. Kuna wimbo tu.

Ndiyo, wimbo! Mle ndani Vari kachana mistari kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alimkuta Rod na sahani ya kambare wa kukaanga mapajani, bado wa moto, na kwamba honi iliendelea kulia baada ya mtu kukata roho. Polisi walikuwa hawajamwambia mtu yeyote habari za ile sahani. Hata mke wa marehemu alikuwa hajui. Sasa Vari aliijuaje?

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Cha Vari kilikuwa kinakaribia kuozea gerezani.

*

Jaji aliahirisha kesi kwa saa moja. Mzee Thaddeus Bibbs, wakili wa utetezi, alimkokota mteja wake mpaka chumba cha pembeni, akafunga mlango, akamvaa.

"Mtoto mjinga wewe! Mwaka mzima nakuuliza ulikuwa wapi. Unanijibu nini? 'Mtaani, mzee.' Mtaani! Kumbe umevaa joho unaimba haleluya!"

"Mzee, nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Unataka kufa gerezani kwa kuona haya?"

Vari angesema nini? Kule Kusini msanii akikosea mdundo atasamehewa. Akifungwa atasamehewa, tena atapokelewa kwa nyama choma. Lakini akigundulika kwamba anachokiimba hakukiishi, basi, kwisha habari yake, hata watoto wa shule watamtungia wimbo. Na Vari ndiye aliyesema kwenye kila redio, kifua mbele, "Sichani nisichokiishi." Akaiita na albamu yake *Nimeyaishi*.

Aliishi nini? Kila mwaka, wiki ya uamsho, Big Vari alivua mikufu yake, akaingia kanisani kwa mlango wa jikoni, akavaa joho la zambarau, akaimba sauti ya tatu mstari wa nyuma. Mama yake hakutaka zawadi nyingine. Na waumini wa kanisa lile, Mlima Horebu wa Pili, waliitunza siri ile kwa sababu ndivyo walivyo, cha kanisani hakitoki nje.

Siku alipokamatwa alimwapisha mama yake: "Usiseme nilikuwa kanisani. Nitatoka kwa njia nyingine." Mama Ozella, mwanamke anayebishana hata na mtangazaji wa hali ya hewa, alikubali palepale. Vari alishangaa kidogo alivyokubali upesi, kisha mambo ya jela yakamsahaulisha.

Na kuona haya kulikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili alikuwa haijui mtu, isipokuwa yeye na binamu yake.

"Ile video ipo?" aliuliza.

"Shemasi anaileta sasa hivi. Si wanawarekodia wagonjwa na wazee wasiotoka nyumbani? Ibada nzima, mwanzo mpaka mwisho."

"Nzima?"

"Nzima, kijana. Mbona umekuwa kama mtu aliyesikia msiba? Huu ni wokovu wako!"

Mlango ukafunguka. Aliingia Fain, mwenye lebo inayouza nyimbo za Vari, suti ya bei mbaya na tabasamu la bei chee. Hakumsalimu wakili.

"Vari, mwanangu. Hiyo video isionyeshwe."

"Toka nje," alisema Mzee Bibbs.

"Nazungumza na msanii wangu. Vari, sikiliza. Watu wananunua albamu kwa sababu uko ndani. Wanalia na wewe. Leo ukionekana na joho la kwaya, kesho nani atakununua? Bibi yangu?"

"Nitakuwa huru, bwana Fain."

"Huru uende wapi?" Fain aliuliza, na wala hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. "Uende wapi, Vari? Ukaoshe magari?"

Vari alimtazama yule mtu aliyemwita baba kwa miaka minne. Alikumbuka alivyokumbatiwa naye siku ya mazishi ya Tamesha, na Fain akamwambia sikioni, machozi yangali yanamtoka, "Andika haya, yatauza." Aliandika. Yaliuza.

"Toka," alisema.

*

Walipokuwa wanarudi ukumbini, mkono ulimdaka bega. Alikuwa Quindell, binamu yake, mtoto wa mama mdogo wake aliyekufa zamani. Quin alihamia kwa Mama Ozella akiwa hajaanza shule, akalala kitanda kimoja na Vari mpaka wote walipoota ndevu. Ndiye aliyembebea Vari mabegi, ndiye aliyemshikia kipaza sauti cha pili jukwaani, na Vari alipofungwa ndiye aliyemletea Mama Ozella mboga na mkate wa mahindi kila Jumapili.

Leo Quin alikuwa anatokwa jasho kama yuko jikoni.

"Binamu, ikatae hiyo video."

"Mama kashasema, Quin. Nifanyeje?"

"Sema mama kachanganyikiwa. Sema chochote! Jina lako, kaka, fikiria jina lako."

"Jina langu?"

Walitazamana. Wote wawili walijua kwamba hapo hapakuzungumziwa jina.

Maana huyo, msomaji wangu, ndiye aliyemuua Rod Spann. Quin mwenyewe alimsimulia Vari garini juma moja baadaye, huku meno yanamgongana: alivyotoka kwenye kwaya wakati wa mahubiri, akapita mtaa wa nyuma, akamkuta Rod anakula samaki. Ile sahani. Ile honi. "Kwa ajili ya Tamesha," alisema. Na Vari alifanya nini na siri hiyo? Badala ya kuimeza, aliitia kwenye mdundo, akaondoa "yeye" akaweka "mimi". Alidhani anamficha binamu yake. Na ukweli tuuseme, alitaka pia ushujaa ambao hakuwa nao.

Laiti angenyamaza! Wangekuwa wote wawili mezani kwa mama, wanagombania mguu wa kuku.

"Ulikaa upande gani siku ile?" Vari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Karibu na wewe. Kulia kwako."

"Kamera ilikuona unatoka?"

"Sijui, kaka. Wallahi sijui."

"Mshtakiwa, mahali pako!" alifoka askari wa mahakama.

*

Mama Ozella alipanda kizimbani. Aliweka kofia sawa, akaweka mkono wenye glovu nyeupe juu ya Biblia, akaapa. Yeye ni mama wa kanisa, wale wanaokaa kiti cha mbele kwa mavazi meupe na kumkazia macho mchungaji akizidisha mahubiri. Kuapa kwake si mchezo.

Mzee Bibbs akaomba taa zipunguzwe. Video ikaanza.

Loo! Heri Vari asingekuwapo.

Pale kwenye kioo kikubwa, mbele ya halaiki ya vijana waliovaa fulana zenye maneno MWACHIENI VARI, akatokea Big Vari, muuaji kwenye nyimbo tano, ndani ya joho la zambarau lenye ukosi mweupe. Alikuwa anaimba wimbo wa kufunga mahubiri huku analia. Si kulia kwa kiume, machozi mawili basi. Alikuwa analia mpaka kamasi. Halafu roho ikampanda, akarusha mikono, akaanguka chali, na wahudumu wawili wa kike wenye umri wa bibi yake wakampepea kwa mapepeo ya karatasi.

Kisha sauti ikatoka nyuma:

"Bwana asifiwe, Big Vari!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Jamani, sauti ya tatu hiyo! Tena anakosea!"

"Huyu ndiye aliyesema anakula watu wazimawazima? Anakula sakramenti!"

"Nirudishieni hela ya fulana yangu!"

Kijana mmoja alivua fulana yake palepale, akaitupa sakafuni, akatoka kifua wazi. Fain naye aliinuka. Hakumtazama Vari hata mara moja. Alikuwa ameshaweka simu sikioni kabla hajafika mlangoni, na Vari alimsikia akisema, "Yule mtoto wa Shreveport bado hajasaini? Mpigie."

Vari aliuma mdomo. Miaka yote ile, usiku wa studio, kumbi za vijijini zenye spika mbovu, njaa, jina lililojengwa neno kwa neno, vyote vilizolewa kwa muda ambao mtu angemaliza kunywa soda. Moyo ulimuuma kiasi kwamba alitamani kweli angekuwa muuaji. Angalau wasingecheka.

Lakini hakucheka kila mtu. Kwenye benchi la wazee wa baraza, bibi mmoja mwenye miwani alikuwa anatikisa kichwa na kusema "Amina" kimoyomoyo. Jirani yake alikuwa ameweka kalamu chini. Walikuwa wanamtazama Vari kwa jicho jipya, jicho la watu wanaomtazama mtoto wa mtu.

Na saa ya video kwenye pembe ya kioo ilionyesha wazi: wakati honi ya Rod Spann inalia mtaa wa pili, Vari alikuwa sakafuni kanisani anapepewa.

Mzee Bibbs alimwinamia. "Umetoka, mwanangu. Jioni hii utakula kwa mama yako."

Macho ya Vari yalikuwa kwenye kioo, kwenye kiti cha kulia.

*

"Mheshimiwa, nina maswali machache kwa shahidi."

Alikuwa Bi. Haskett, mwendesha mashtaka. Mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, wale wanaokuita mpendwa huku wanakuchimbia shimo. Kesi ilikuwa imemponyoka mkononi, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa.

"Pole kwa uchovu, Mama Tolliver. Nimekuudhi asubuhi, naomba radhi."

"Nimeisikia."

"Video nzuri. Naomba irudishwe nyuma, kabla ya mahubiri. Hapo. Simamisha." Alisogea kwenye kioo. "Kwaya imesimama yote. Huyu ni Lavarius. Na huyu wa kulia kwake ni nani?"

Mama Ozella aliinua uso kwenye kioo.

"Quindell. Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Ahsante. Sasa peleka mbele, mahubiri yanaanza. Simamisha." Kidole cha Bi. Haskett kiligusa kioo. "Hapa yuko wapi?"

Kiti kilikuwa kitupu. Joho la zambarau lilikuwa limekunjwa juu yake.

Vicheko vyote vilikatika. Vari alimtazama mama yake, akatikisa kichwa taratibu: *Sema hujui. Mama, sema tu hujui.*

"Pingamizi!" Mzee Bibbs aliruka. "Quindell hajashtakiwa!"

"Bado," alisema Bi. Haskett. "Mheshimiwa, mshtakiwa aliijua sahani ya kambare. Tumeona hakuwapo. Basi kuna mtu alimwambia, na mtu huyo alikuwapo. Ninauliza tu."

"Endelea," alisema jaji.

Nyuma kabisa, kiti kiligonga ukuta. Quin alikuwa ameinuka. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, na askari wa mahakama akamzibia njia, mkono kifuani mwake, bila neno.

"Mama Tolliver, uliapa kwa Biblia," alisema Bi. Haskett. "Kijana huyu alikwenda wapi?"

"Mama, usijibu!" Vari alipiga kelele. "Mheshimiwa, mimi ndiye! Nirudisheni ndani, mimi ndiye niliyeua! Si nimesema kwenye wimbo? Mbona nikiimba mnaamini na nikisema hamuamini?"

"Mshtakiwa, kaa kimya!"

"Ni mimi!"

"Lavarius," alisema Mama Ozella. "Nyamaza, baba. Wewe huwezi kuua hata panya."

Alisema kwa upole, kama anamwambia mtoto avae viatu. Na Vari alikaa. Wale waliomcheka walikuwa hawajamuumiza hivyo.

Mama Ozella akaanza kuvua glovu zake, kidole kimoja kimoja. Alizilaza juu ya Biblia. Mikono yake ilikuwa ya mwanamke aliyefua nguo za watu maisha yake yote.

"Hukuniuliza swali sahihi, bibi," alisema. "Umeniuliza alikwenda wapi. Niulize alitumwa na nani."

Bi. Haskett aligeuka kumtazama jaji. Ilibidi jaji aulize.

"Alitumwa na nani, mama?"

"Na mimi."

Mama Ozella alimgeukia jaji.

"Tulikuwa tunaimba. Nikamwona Quindell anatazama chini, nikajua anamfikiria Tamesha. Na mimi nilikuwa namfikiria. Rod Spann alikuwa anakula samaki mtaa wa pili, kila Ijumaa anakula samaki, na mtoto wangu kaburini hali kitu. Nikamwita Quindell pale mlango wa jikoni. Bastola ilikuwa ya marehemu mume wangu, ilikuwa kwenye mkoba wangu chini ya pipi za peremende. Nikampa. Nikarudi kitini kwangu nikaendelea kusema Amina."

Kumbe ndiyo maana mama yake alikubali upesi vile kunyamaza! Mwaka mzima yeye anamficha binamu yake, binamu yake anamficha mama, na mama kakaa kwenye benchi lile la mbao anamtazama mwanawe akihukumiwa, anapima, anapima, mpaka leo.

"Bi. Tolliver," alisema jaji taratibu, "una haki ya kunyamaza. Nakushauri uitumie."

"Nimeshanyamaza vya kutosha."

Bi. Haskett alisogea kizimbani, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mahakamani. Ilikuwa ya mwanamke anayemuuliza mwenzake.

"Mama, walikuwa vijana wawili pale kwenye kwaya. Lavarius ndiye kaka wa damu wa Tamesha. Kwa nini ulimtuma yule mwingine?"

Mama Ozella aliangalia mikono yake.

"Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja," alisema. "Nisingeweza kupoteza wa pili."

Vari aligeuka nyuma. Hakutaka, shingo iligeuka yenyewe.

Quin alikuwa bado amesimama pale mlangoni, mkono wa askari kifuani. Hakuwa anajaribu tena kutoka. Alikuwa anamtazama yule mwanamke aliyemwogesha, aliyemfundisha kusali, aliyemwambia mbele ya kaburi la mama yake kwamba toka leo mimi ndiye mama yako. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayetaka tu kueleweshwa jambo.

"Mama Mkubwa," alisema, "kwani mimi nilikuwa wa ngapi?"